Cheti ni changu ila jina ni la mtu, niombe udaktari au niache?

Kila dirisha la udahili likikaribia simu yangu haipumziki, meseji zinaingia mpaka saa sita usiku, watu wananitumia picha za vyeti vilivyokunjwa mpaka vina mikunjo minne, na swali ni lilelile kwa maneno tofauti, hili niliseme au nilifiche? Safari hii nimechagua barua 4, zote za watu wanaotaka kusoma udaktari au wanaomsomesha mtu. Majina nimetoa na sehemu nyingine nimebadilisha kidogo mtu asijulikane. Mimi nimekaa ofisi ya udahili ya chuo kimoja cha afya miaka 11 kabla sijaacha kazi, kwaiyo nawajibu kama mtu aliyekua upande wa ndani wa dirisha.

Shikamoo anti. Mi ni binti wa miaka 26 nipo mkoa wa Geita. Darasa la saba nilimaliza 2012 sikuchaguliwa, baba akanipeleka kwa shangazi kata nyingine nikarudia la saba kwa jina la msichana aliyeacha shule pale kijijini. Nikafaulu, na jina hilohilo nimeenda nalo fomu foo 2017 na fomu siksi 2020, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nikapata wani. Tangu hapo nipo dukani kwa mjomba kwa sababu ya hofu. NIDA yangu ina jina langu la kweli na mwenye lile jina yupo, ameolewa, na yeye ana NIDA yake. Kuna mtu mjini anataka laki mbili na nusu anitengenezee cheti cha kuzaliwa kinachoendana na vyeti vya shule, anasema chuo hawawezi kujua na watu wa hivyo wamejaa maofisini. Mtu akiniita jina langu la nyumbani mbele ya watu niliosoma nao nashtuka kama mwizi. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na hapo mwisho pamenigusa sana.

Kwanza tutenganishe vitu viwili, maana wewe mwenyewe umevichanganya na ndo vinakutesa. Mitihani umefanya wewe, ulikaa kwenye kiti wewe, ile kemia praktikali ya fomu siksi ulipima kwa mkono wako, kwaiyo alama ni zako na akili ni yako. Jina ndo sio lako. Mtu akisikia cheti feki anafikiria karatasi inayosema fulani kafaulu kitu ambacho hajawahi kukifanya, cha kwako kinasema kweli kuhusu alama na kinasema uongo kuhusu mtu. Ni tofauti kubwa sana na hiyo tofauti ndo mtaji wako, ila utabaki nayo kama tu hutoongeza uongo mwingine juu yake.

Alafu kuna suala la nani alifanya nini. 2012 matokeo ya la saba yalikua mabaya mno, waliofaulu nchi nzima walikua asilimia 30 na kitu, na wazazi wengi walifanya hivihivi alivyofanya baba yako, mtoto anahamishwa kata, mwalimu anakubali, jina linapatikana la aliyeacha shule. Ulikua mtoto. Hukuulizwa. Siwezi kukuhukumu kwa hilo na sidhani kama yupo mtu mwenye roho anaweza. Lakini siku utakayompa yule jamaa laki mbili na nusu, kosa sio la baba tena, ni la mwanamke wa miaka 26 anayejua anachofanya, na kwenye Kanuni ya Adhabu kughushi nyaraka ni kifungo cha mpaka miaka 7.

Na anakudanganya akisema hawawezi kujua. Ngoja nikwambie inavyokwenda kwa ndani. Ukiomba chuo unajaza namba yako ya mtihani wa fomu foo na ya fomu siksi, mfumo unavuta matokeo moja kwa moja kutoka Baraza la Mitihani, hapo utapita kwa sababu alama ni za kweli. Ukiomba mkopo Bodi wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na RITA hawaangalii karatasi yako imepigwa muhuri vizuri kiasi gani, wanaangalia kwenye daftari lao. Ukimaliza miaka 5 unaenda Baraza la Madaktari Tanganyika kupata usajili wa muda ili ufanye intani, baada ya intani unaenda tena kwa usajili kamili, ajira wanakagua, ukienda kusoma ubingwa wanakagua. Yaani udaktari sio kazi ya kukaguliwa mara moja ukasahau, ni milango kama 6 au 7 na kila mlango unaulizwa wewe ni nani, na kwenye kila mlango lile jina litakua limevaliwa na watu wawili wenye alama za vidole tofauti.

Hao waliojaa maofisini, tarehe 28 Aprili 2017 pale Dodoma Waziri Kairuki alimkabidhi Rais Magufuli ripoti ya uhakiki, wenye vyeti vya kughushi walikua 9,932 na wakatakiwa kuondoka kazini. Humohumo kulikua na vyeti 1,538 ambavyo kila kimoja kilikua kinatumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Wengine walikua na miaka 20 kazini, wamesomesha, wamejenga, wanakaribia kustaafu. Ndo hao jamaa anaokutolea mfano.

Sasa cha kufanya. Anza na yule dada mwenye jina, kabla ya wakili. Nenda kwake, kaa naye, mwambie kila kitu, maana na yeye umemwekea jambo bila kujua, siku akitaka kurudi shule aanze na QT, ule mtihani wa kufuzu kwa wasiopita sekondari, atakuta jina lake na shule yake ya msingi vimeshasoma mpaka fomu siksi. Akikubali kuandika maelezo kwamba yeye ni fulani, aliacha shule mwaka fulani, na hajawahi kufanya mtihani wa sekondari, hiyo karatasi itakusaidia kuliko kitu chochote cha kununua mjini.

Ndo uende kwa wakili aliyesajiliwa, sio kishoka wa kwenye mwembe nje ya mahakama. Uape kiapo chenye historia nzima, na baba yako aape cha kwake. Watu watakwambia fanya deed poll, ile hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na kweli inaweza kuwa sehemu ya njia, ila hiyo imetengenezwa kwa mtu anayebadili jina lake mwenyewe, wewe lako lina mwenyewe yupo hai. Wakili akikwambia deed poll inatosha na hujamwambia habari ya yule dada, basi na wakili umemficha, na ushauri wake ni wa mtu mwingine sio wako.

Baada ya hapo andika Baraza la Mitihani, cheti ni mali yao na neno lao ndo linasimama. Usijaze fomu ya chuo kabla hawajakujibu. Na nikwambie wazi, siwezi kukuahidi jibu litakua zuri. Inawezekana wakakwambia njia pekee ni kufanya mitihani upya kwa jina lako kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hiyo ni miaka. Najua inauma, wani ya PCB uliyoisotea. Ila ulishaifaulu mara moja, utaenda unajua njia, na utaingia darasani unaitwa jina ulilopewa na mama yako.

Anti habari. Mimi ni tabibu, nina diploma ya utabibu GPA 3.6 na nafanya kazi zahanati moja Singida mwaka wa nne sasa. Nataka kwenda MD, digrii ya udaktari. Shida ni fomu foo nina F ya hisabati na kwa vigezo nilivyosoma wanataka D. Rafiki yangu ana steshenari anasema anaweza kuskani cheti akaweka D inaonekana kama orijino kabisa. Naona kama ni herufi moja tu na hisabati kwenye udaktari siioni. Ushauri wako.

Usifanye. Na nakujibu nikiwa na kitu kinanichoma moyoni.

Miaka ya nyuma tulikua bado tunapokea nakala za karatasi mkononi siku ya usajili. Akaja kijana, foleni imefika mpaka nje, saa tisa mchana, jua. Nikapokea bahasha yake, nikaangalia cheti cha fomu siksi, kwenye kemia kuna C. Ile C ilikua imekaa chini kidogo ya mstari wa herufi zingine na wino wake mzito kidogo. Niliiona. Nikajisemea labda ni mashine ya fotokopi, nikagonga muhuri nikasema anayefuata.

Mwaka wa tatu ulipopita uhakiki wa orijino akaitwa. Alikuja katoka wodini, koti jeupe, stethoskopu shingoni, mfukoni ana kile kidaftari kidogo wanachoandikia wagonjwa wao. Haikua C, ilikua F. Aliposomewa barua hakubisha wala hakulia, aliuliza swali moja tu, kwaiyo hata anatomia niliyofaulu haihesabiki? Na anatomia alikua na B ya halali kabisa, darasa lile wengi walikula sapu. Haikuhesabika. Hakudisko kwa kufeli, alifutwa kama hajawahi kufika, na baba yake alikua ameuza shamba. Mimi ningemrudisha siku ile angepata aibu ya mchana mmoja, angerisiti kemia akarudi baada ya mwaka. Hilo silisahau na ndo maana naandika hapa kila wiki.

Sasa wewe. Siku hizi hiyo skani haina hata pa kuipeleka, diploma yako inahakikiwa kwa AVN, namba ya uhakiki inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, fomu foo yako inavutwa kwa namba ya mtihani, kwaiyo F itatokea hata ukiweka karatasi ya dhahabu, na utakua umejitia kwenye kosa la jinai kwa kitu ambacho hakisomwi. Alafu we ni mtumishi, una leseni ya utabibu, unaiweka rehani na hiyo pia.

Vigezo vya kupita na diploma umevisoma vizuri, GPA isipungue 3.0 na D kwenye fomu foo ya hisabati, fizikia, kemia, baiolojia na kiingereza. Kwaiyo kinachokukwamisha ni somo moja! Jisajili kituo cha watahiniwa wa kujitegemea, usajili huwa unaanza mwanzoni mwa mwaka, mtihani Novemba, matokeo yanatoka Januari, dirisha la vyuo linakukuta tayari una D yako mkononi. Tafuta mwalimu wa hisabati wa sekondari ya hapo kata mlipane kidogo kidogo, jioni mbili kwa wiki.

Na hapo unaposema hisabati huioni kwenye udaktari, wewe unaifanya kila siku hujui tu. Akiletwa mtoto wa kilo 14 na malaria kali unamchoma artesunate miligramu 3 kwa kila kilo kwa sababu hajafika kilo 20, akiwa wa kilo 24 unahama unaenda 2.4. Unapiga 14 mara 3 unapata 42, alafu unageuza kuwa mililita kulingana na ulivyochanganya dawa, na mama yake anakuangalia mkono. Hiyo ndo hisabati, uwiano na kuzidisha, na mtu anayeifanya saa nane usiku kwa tochi ya simu hashindwi kupata D.

Ukishapata, kwenye fomu jaza namba zote mbili, ya mwaka wa kwanza na ya kurisiti. Usione aibu ya ile F ya zamani kubaki inaonekana.

Dada habari za nyumbani. Mi nipo Minneapolis. Nilipofika huku 2015 nilijiunga komyuniti koleji moja jimbo lingine, nilikua nabeba boksi usiku nyumba ya wazee na darasani naenda nalala, semista ya kwanza nikapata F mbili na W moja (somo nililojitoa) nikaacha. Baadae nimehamia huku nimesoma baiokemia GPA 3.7 na MCAT, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari, nimefanya vizuri. Sasa nataka kuomba shule ya udaktari na fomu ya AMCAS inataka vyuo vyote nilivyowahi kusoma. Washkaji wananiambia ile koleji niiache, haikunipa hata kredi moja, nani atafukua.

Iandike. Nakuelewa kabisa kaka yangu, umetoka mbali, 3.7 nzuri imekaa pale alafu uichafue mwenyewe kwa semista moja ya miaka ile. Lakini hiyo fomu inasema kila chuo baada ya sekondari, hata ulichoacha katikati, hata ambacho hukupata kredi, na inataka transkripti ya kila kimoja. Mwisho unasaini kwamba ulichojaza ni kweli na kimekamilika. Ukiiruka ile koleji umesaini uongo kwa hiyari yako, sasa F mbili na uongo, ni kipi kizito?

Na kufukua sio kazi. Marekani kuna shirika linaitwa National Student Clearinghouse linalohifadhi rekodi za nani alijiandikisha chuo gani na lini kwa vyuo karibu vyote vya huko. AAMC, wenye hiyo fomu, wakishtukia kitu wanafungua uchunguzi na ripoti inaenda kwenye shule ulizoomba, yaani badala ya shule moja kusema hapana zote zinakusoma siku moja kama mtu aliyeficha. Na hata ukipita, ukigundulika mwaka wa nne wanaweza kukutoa.

Ukweli mchungu ni kwamba zile F zitaingia kwenye hesabu ya GPA yao, hata kama somo ulilirudia ukapata A wao wanahesabu mara zote mbili. 3.7 yako itashuka kidogo. Ila piga hesabu yenyewe kwanza uone, F mbili kwenye kredi 120 na kitu hazikuui, na watu wa udahili, nakwambia kama mtu niliyekaa huko, wanapenda kuona mstari unaopanda. Kijana aliyeanguka 2015 alafu akasoma baiokemia huku analipa kodi ya nyumba na kutuma hela nyumbani ni mtu ninayeweza kumwamini na mgonjwa saa kumi alfajiri.

Una herufi 5,300 kwenye ile insha yao. Usitumie zote kujieleza. Sentensi tatu nne zinatosha, nilifika, nikafanya kazi usiku, nikashindwa kubeba vyote nikaacha, niliporudi nilipunguza zamu nikasoma. Usimlaumu mtu. Usiseme ulikua unaumwa kama hukuumwa. Na ukishatoa hilo wazi kua makini pia na zile saa za kujitolea hospitali, kama ni 90 andika 90, mtu asikushawishi uandike 300 kwa sababu eti kila mtu anaongeza.

Nyie mlioko huko mnakumbuka Januari 2023 walivyotangaza Operesheni Nightingale, shule 3 za unesi Florida zilikua zimetoa diploma na transkripti za uongo zaidi ya 7,600, watu 25 wakashtakiwa. Kuna waliokua wamenunua, wakafanya mtihani wa leseni wakafaulu kweli kabisa, na bado majimbo yakaanza kuwafutia leseni mmoja mmoja. Ni kilekile alichouliza yule kijana wangu wa anatomia.

Assalaam aleikum dada. Mimi mama wa Tanga. Mwanangu wa kiume kamaliza fomu siksi PCB kapata D ya baiolojia, E ya kemia na fizikia S. Anataka udaktari tangu mdogo. Tumepata ejenti wa vyuo vya nje, anasema kule kigezo ni hela tu, ila matokeo atayarekebisha kidogo kwenye karatasi ya maombi ili viza ipite, na tukirudi na digrii ya nje hakuna anayeuliza ya fomu siksi. Tumeshampa pasipoti ya kijana na vyeti vyake orijino, tunasubiri kiinua mgongo cha baba yake tulipe. Roho yangu imesita.

Waaleikum salaam mama. Roho yako imesita vizuri, isikilize.

Hakuna anayeuliza ya fomu siksi? Mama, kabla kijana hajaondoka TCU, tume ya vyuo vikuu, wanatoa barua ya kutokua na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na wanaangalia matokeo yake ya hapa. Akirudi digrii yake lazima ipite TCU itambuliwe, alafu Baraza la Madaktari, mtihani wao, na intani ya mwaka. Wote hao wanaanza kuuliza kuanzia fomu foo. Kwa MD hapa nchini kigezo cha chini ni D tatu, fizikia kemia na baiolojia, yeye ana D moja. Ejenti atakua ameshakula kiinua mgongo cha mzee na kijana anarudi na miaka 6 ya udaktari ambao hawezi kuufanyia kazi nyumbani kwao.

Na kuna wanaosema akipita kapita. Uingereza alikuwepo mtu anaitwa Zholia Alemi, alijisajili kama daktari mwaka 1995 kwa digrii ya udaktari ya New Zealand ambayo hakuwahi kuimaliza, akafanya kazi ya magonjwa ya akili kwenye hospitali za serikali zaidi ya miaka 20, anaandika dawa, anasaini watu wazuiwe wodini. Alipofungwa 2018 kwa kughushi wosia wa mgonjwa wake bibi kizee, mwandishi wa gazeti la mji wa Carlisle akaanza kuuliza New Zealand hiyo digrii ipo? Haikuwepo. Februari 2023 Manchester wakamfunga miaka 7, na baraza la madaktari la huko likalazimika kukagua upya karibu madaktari 3,000 walioingia kwa njia ileile. Wale wagonjwa aliowafunga wodini ndo nawafikiria mimi, mtu kakwambia una ugonjwa wa akili, umemeza dawa miaka, alafu unasikia kwenye taarifa ya habari hakua daktari.

Mwanao hayupo huko, najua. Mwanao ni kijana aliyepata D, E na S na ana ndoto, na njia anayo. Angalia matokeo yake ya fomu foo, akiwa na D kwenye kemia, baiolojia na fizikia pamoja na D nyingine moja anaweza kuomba diploma ya utabibu, miaka 3, ada yake hailingani hata kidogo na hela ya ejenti. Akitoka na GPA ya 3.0 kwenda juu na zile D za fomu foo nilizomtajia tabibu hapo juu, anaomba MD kama watu wengine, na anaingia akiwa ameshashika mgonjwa tayari, hao ndo huwa wanakua watulivu wodini mwaka wa tatu wenzao wakitetemeka. Au akitaka arisiti fomu siksi, mwaka mmoja, akikazania kemia na fizikia. Mkae naye achague yeye, ana umri wa kuchagua, na mumwambie wazi kwamba mlitaka kumpeleka kwa karatasi iliyorekebishwa, asije akasikia kwa mtu.

Lakini hilo ni la wiki ijayo. La leo ni vyeti orijino na pasipoti viko kwa mtu aliyekwambia kwa mdomo wake kwamba anabadilisha matokeo. Nenda na baba yake, au na kaka yako kama mzee hajiwezi, kabla ya adhuhuri ukakute ofisi iko wazi, mvidai vyote mkononi na mviangalie kimoja kimoja kama havijaguswa. Akileta maneno ya subiri kidogo mama viko kwa bosi, msibishane naye, toka hapo nenda polisi ukaripoti siku hiyohiyo, na uombe namba ya taarifa uiandike.